Usimeze Dawa Ili Ukimbie
Kijitabu cha afya kwa kaya zenye wakimbiaji, Moshi na vijiji vya jirani

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha nyumba yoyote yenye mtu anayejiandaa kwa marathoni. Kisome wewe unayekimbia. Akisome pia mwenzi wako, mama yako au ndugu unayeishi naye, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye anayeona kwanza kwamba unachechemea, na ndiye anayejua kuna nini kwenye mfuko wa kaptula yako.

Tangu 2003 mbio za Kilimanjaro zinaleta watu Moshi kila mwaka, na mazoezi yake yanaangukia Desemba, Januari na Februari, miezi ya jua kali hapa kwetu. Katika miezi hiyo sisi wahudumu wa afya tunapokea wagonjwa wa aina ile ile kila msimu: goti lililovimba, ugoko uliopata ufa, mtu aliyeanguka barabarani kwa joto, mtu ambaye mkojo wake umebadilika rangi. Sehemu kubwa ya hao wangeweza kuepuka kufika kwetu. Ukiwauliza vizuri, wengi wao utakuta wana tabia moja.

TABIA YENYEWE

Usimeze dawa ya maumivu ili ukimbie.

KWA NINI NASISITIZA

Ninazungumzia diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu na nyingine za kundi hilo. Zinauzwa kila mtaa, bei yake ni ndogo, na mtu hununua vidonge viwili akavimeza alfajiri kabla hajavaa raba. Wengine humeza kabla hata hawajaumwa, ati kujikinga. Wapo wanaokwenda kuchomwa sindano ya maumivu usiku wa kuamkia mbio.

Dawa hizi zina kazi yake, na daktari akikuandikia, zitumie kama alivyosema. Lakini hazitibu mfupa wenye ufa wala kano iliyochanika. Zinakunyamazishia tu maumivu, nawe unaendelea kuukanyagia mguu ambao ulikuwa unakuomba upumzike. Mguu ambao ungepona kwa wiki mbili unakuja kwetu ukihitaji miezi.

Hilo ni la mguu. La figo ni zito zaidi. Ukikimbia saa mbili au tatu juani unatoka jasho jingi, maji mwilini yanapungua, na damu inayofika kwenye figo inapungua pia. Dawa za kundi hili nazo huipunguza damu hiyo. Joto, upungufu wa maji na kidonge vikikutana ndani ya mtu mmoja, figo zinaweza kuacha kufanya kazi, hata kwa kijana asiye na ugonjwa wowote. Tumbo nalo: dawa hizi huchubua utumbo, na anayezimeza bila kula anaweza kupata vidonda vya tumbo, akatapika damu au kupata choo cheusi.

Mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye vidonda vya tumbo na mama mjamzito wasizinunue kabisa bila kuonana na daktari.

Kuna anayesema, "Basi nitameza paracetamol." Kwa figo ina afadhali, lakini nayo inaficha maumivu na inaficha homa. Ukihitaji kidonge ndipo uweze kukimbia, siku hiyo usikimbie.

Usimeze dawa ya maumivu ili ukimbie. Wala usimpe mwenzako wa kikundi cha jogingi kidonge chako.

HABARI YA AKHWARI

Nikimwambia kijana apumzike, hunitajia John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bandeji na bado akamaliza, wa mwisho. Yule mzee tunamheshimu sote, nami nikiwamo. Lakini ile ilikuwa siku ya mashindano na nchi ilikuwa imemtuma. Kwako wewe ni Jumanne ya mazoezi tu, unakwenda Rau na kurudi, na Alhamisi utakwenda tena. Hakuna aliyekutuma uvunjike. Na ikumbukwe kwamba alimaliza huku maumivu yake anayasikia.

MAUMIVU YA KAWAIDA NA MAUMIVU YA HATARI

Msuli kuuma pande zote mbili siku moja au mbili baada ya mbio ndefu ni kawaida. Tembea taratibu, kula vizuri, lala.

Maumivu ya hatari yako upande mmoja. Yana mahali pake, unaweza kupaonyesha kwa kidole. Bonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole kimoja: kama kuna sehemu ndogo inayouma sana kuliko kwingine, na inauma zaidi kila ukizidi kukimbia, na usiku umelala bado inauma, acha kukimbia leo hii. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe, kwa hiyo usirudi barabarani kwa sababu tu picha haikuonyesha kitu. Mara nyingi unahitaji wiki sita hadi nane bila kukimbia. Maumivu ya kinena au nyonga yasiyoisha yasisubiri hata siku tatu. Nenda hospitali.

Kisigino kinachouma asubuhi unapokanyaga hatua za kwanza, kisha kikaachia, kinapona kwa kupunguza kilomita na kunyoosha msuli wa nyuma ya mguu kila siku. Kinapona polepole. Wengi hukata tamaa mapema wakakimbilia sindano.

Kipimo rahisi cha nyumbani: ukichechemea, hukimbii. Mama, ukimwona anachechemea kwenda bafuni asubuhi, mfiche raba. Nasema kweli, mfiche.

KIFUNDO CHA MGUU KIKITEGUKA

Kaa chini. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, rudia mara kadhaa siku hiyo. Kama hakuna barafu, tumia maji ya baridi. Funga bandeji isiyobana hadi vidole vikafa ganzi, na ulaze mguu juu ya mto. Siku mbili za mwanzo usiukande kwa maji ya moto, usiuchue kwa mafuta, usimpe mtu auvute "kuurudisha mahali pake". Kuvuta kumewaharibia wengi. Ukishindwa kukanyaga hatua nne, nenda ukapigwe picha.

MALENGELENGE

Usiyatumbue kwa sindano ya kushonea. Osha kwa maji na sabuni, funika, vaa soksi kavu.

RABA

Raba za mtumba si dhambi, ila zikague. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma: iliyolalia upande mmoja imekwisha, iache sokoni. Kidole gumba kisiguse mbele. Raba mpya usiivae mara ya kwanza siku ya mbio.

KUONGEZA KILOMITA

Kuumia kwingi kunaanzia hapa. Mtu hakukimbia Oktoba wala Novemba, anashtuka Januari, anataka kufidia yote ndani ya wiki tatu. Kama wiki iliyopita ulikimbia kilomita 30, wiki hii usiende 50. Ongeza kidogo, na kila wiki ya nne punguza. Angalau siku moja kila wiki usikimbie kabisa. Kama Februari imefika na hujavuka kilomita 12, jiandikishe mbio fupi. Kilomita 42 zitakuwapo mwaka ujao.

JUA NA JOTO

Anza saa 11 na nusu alfajiri, uwe umerudi nyumbani kabla ya saa 3 asubuhi. Anayetoka sehemu ya baridi, Lushoto au Mbulu kwa mfano, ajipe wiki mbili za mazoezi mepesi hadi mwili uzoee joto la hapa. Anayekimbia Dar es Salaam au Tanga ajue kwamba hewa ya pwani ina unyevu, jasho halikauki mwilini, na asiyekauka jasho hapoi. Apunguze mwendo bila kuona haya. Vaa nguo nyepesi. Kuvaa koti la nailoni ili utoke jasho upungue uzito ni kujitafutia kifo.

Kunywa maji ukisikia kiu, kidogo kidogo. Usijaze tumbo lita nyingi kwa mkupuo. Maji mengi mno yanapunguza chumvi kwenye damu, mtu anavimba vidole, kichwa kinamuuma, anatapika, anachanganyikiwa. Dawa za maumivu zinaongeza hatari hiyo pia. Ndiyo, tena. Kwa mbio ndefu na jasho jingi, pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi inafaa.

Mwenzako akianza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka au kugombana bila sababu, usimwambie ajikaze. Huyo joto limempanda kichwani. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na kama kuna barafu iweke kwapani, shingoni na kinenani. Mpoze kwanza huku gari linatafutwa. Asiye na fahamu timamu usimnyweshe kitu. Usimpe kidonge chochote.

MVUA

Mvua peke yake haimdhuru mtu. Badili nguo ukifika. Ukisikia ngurumo, acha, ingia ndani ya nyumba au gari, usijikinge chini ya mti. Masika, udongo wa njia za kushuka kutoka Mweka na Kibosho huteleza, na kushuka ndiko kunakoumiza magoti kuliko kupanda. Shuka kwa hatua fupi.

HOMA

Mwenye homa hakimbii. Akapime malaria.

BARABARA

Kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, na alfajiri vaa nguo inayong'aa.

MPELEKE HOSPITALI SIKU HIYO HIYO

Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au ya damu baada ya mbio. Akishindwa kukojoa tangu asubuhi hadi jioni. Akitapika mfululizo, akitapika damu au akipata choo cheusi. Akibanwa na kifua au akizimia akiwa anakimbia, hata kama ameamka na anasema yuko sawa. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma bila kuumizwa. Kitako kikivimba na kuwaka baada ya sindano ya maumivu.

Kabla hamjatoka nyumbani, pekua mfuko wa kaptula yake, begi lake na chini ya mto. Ukikuta pakiti ya vidonge, hata tupu, ichukue umkabidhi muuguzi mara tu mnapofika. Mwambie alimeza vingapi na saa ngapi. Yeye mwenyewe huenda akakana.