SURA YA 9: KUPANGA MGODI WA MAKAA YA MAWE KWA KUZINGATIA MAENDELEO ENDELEVU

Malengo ya sura

Ukimaliza sura hii uweze:
(a) kueleza maana ya uendelevu katika uchimbaji wa makaa ya mawe;
(b) kufafanua mambo ya kupangwa kabla mgodi haujafunguliwa;
(c) kujibu swali la insha kwa mifano halisi.

9.1 Mgodi unawezaje kuwa endelevu?

Makaa ya mawe ni rasilimali isiyojirudia. Yalitokana na mabaki ya mimea yaliyofukiwa na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka, na tani ikishachimbwa haioti tena. Kwa hiyo, mtahiniwa, usiandike kwamba mgodi endelevu ni ule ambao makaa yake hayaishi. Makaa yote huisha. Kinachotakiwa kuendelea ni ardhi, maji, afya na kipato cha watu watakaobaki pale mgodi ukifungwa. Shika wazo hili, maana hoja zote zinazofuata zinatokana nalo.

Hapa Tanzania makaa yanapatikana zaidi kusini magharibi: Kiwira, Ngaka wilayani Mbinga, na Mchuchuma wilayani Ludewa. Ngaka na Mchuchuma zimo katika bonde la mto Ruhuhu, ambao humwaga maji yake Ziwa Nyasa. Angalia ramani yako. Maji yakichafuliwa juu bondeni, mvuvi wa ziwani naye ataathirika, ingawa hajawahi kuuona mgodi.

9.2 Mambo sita ya kupangwa mapema

1. Tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini hii ifanyike kabla mradi haujaanza. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) huisimamia. Wanakijiji husikilizwa, na hali ya maji, udongo na hewa hupimwa. Vipimo hivyo vya mwanzo ndivyo vitakavyoonyesha baadaye kama mgodi umeharibu kitu au la.

2. Njia ya uchimbaji. Tabaka la makaa likiwa karibu na uso wa ardhi, hutumika uchimbaji wa wazi, kama Ngaka. Njia hii hupata makaa mengi lakini hufumua eneo kubwa. Likiwa chini sana, huchimbwa njia za chini ya ardhi. Eneo la juu huguswa kidogo, lakini ardhi inaweza kutitia na gesi ya methani inaweza kulipuka.

3. Kifusi na udongo wa juu. Piga hesabu hii. Tuchukulie mgodi unatoa tani 200,000 kwa mwaka, na kila tani ya makaa inahitaji kuondoa mita za ujazo 5 za kifusi:

200,000 × 5 = mita za ujazo 1,000,000 kwa mwaka.

Kwa miaka 20 zitakuwa mita za ujazo 20,000,000. Mpango mzuri huonyesha kifusi hicho kitawekwa wapi, na jinsi shimo litakavyofukiwa kwa awamu huku uchimbaji ukiendelea. Udongo wa juu wenye rutuba hutengwa peke yake ili urudishwe mwisho na kupandwa mimea.

4. Maji. Miamba yenye makaa mara nyingi huwa na piriti, yaani madini ya chuma na salfa. Piriti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha metali na kuzipeleka mitoni. Mpango uoneshe mifereji ya kukinga mvua isipite kwenye kifusi, na mabwawa ya kutibu maji kabla hayajaachiwa.

5. Watu na usafirishaji. Fidia ilipwe kwa wakati na kwa haki, na ajira zipewe wenyeji. Vumbi la barabarani nalo ni sehemu ya mgodi: makaa ya Ngaka husafiri kwa malori hadi viwanda vya saruji na bandari ya Mtwara. Malori yafunikwe na barabara zimwagiwe maji.

6. Kufunga mgodi. Mpango wa kufunga huandikwa kabla ya kufungua, pamoja na dhamana ya fedha. Sababu ni rahisi: makaa yakiisha, mapato nayo yameisha. Kama fedha haikutengwa mapema, gharama humwangukia mwananchi.

9.3 Mifano miwili ya kukumbuka

*Aberfan, Wales.* Kifusi cha mgodi kilirundikwa mlimani juu ya kijiji, mahali penye chemchemi. Tarehe 21 Oktoba 1966 kilijaa maji, kikaporomoka na kufunika shule na nyumba. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Mfano huu unathibitisha hoja ya 3 na ya 4 kwa pamoja.

*Ruhr, Ujerumani.* Mgodi wa mwisho wa makaa magumu ulifungwa mwaka 2018. Kwa kuwa ardhi ilititia sehemu nyingi, maji lazima yaendelee kuvutwa kwa pampu bila kikomo, la sivyo makazi yangefurika. Mfuko maalumu ndio unaolipia kazi hiyo. Hapa una hoja ya 6.

9.4 Jinsi ya kujibu

Swali: *"Mgodi mzuri hufungwa kwenye karatasi kabla haujafunguliwa ardhini." Jadili kauli hii kwa hoja sita.*

Utangulizi: eleza uendelevu na sema msimamo wako. Kiini: kila hoja iwe na vitu vitatu, yaani jambo lenyewe, sababu yake na mfano. Linganisha majibu haya:

*Dhaifu:* Mgodi unachafua maji.

*Bora:* Maji ya mvua yakipita kwenye kifusi chenye piriti hutoa asidi inayodhuru viumbe vya mtoni. Hivyo mifereji na mabwawa ya kutibu maji yapangwe mapema, hasa katika bonde kama la Ruhuhu linalolisha Ziwa Nyasa.

Hitimisho: usirudie hoja, toa uamuzi. Kumbuka pia mpaka wa mpango wowote. Hata mgodi uliopangwa vizuri hutoa makaa ambayo yakichomwa huongeza hewa ya ukaa angani. Mpango hupunguza madhara ya kuchimba, hauondoi madhara ya kuchoma. Mtahiniwa anayetaja jambo hili anaonyesha amefikiri.

Zoezi

1. Mgodi unatoa tani 150,000 kwa mwaka, na kila tani huhitaji kuondoa mita za ujazo 4 za kifusi. Kokotoa kifusi cha miaka 10.
2. Kwa nini udongo wa juu hauchanganywi na kifusi kingine?
3. Kijiji chenu kimeitwa kutoa maoni kuhusu mgodi mpya. Andika maswali matano utakayomuuliza mwekezaji, na ueleze sababu ya kila moja.