Tanuri la Nne
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wako wazazi wengi wadhanio kwamba kazi ya ujenzi ni ya mtoto aliyeshindwa mtihani. Kabla hatujakubali wazo hilo, yafaa tujue habari za chuo kimoja cha Marekani.

Chuo cha Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kilifunguliwa mwaka 1881. Mkuu wake, Booker T. Washington, alizaliwa mtumwa, na watu weusi wa huko walikuwa wametoka utumwani miaka 16 tu iliyopita. Alipotaka wanafunzi wajenge chuo chao wenyewe, wazazi wengi walinung'unika. Walisema wamewaleta watoto kusoma vitabu. Hatuwezi kuwalaumu, maana kazi ya mikono wao waliijua kwa mjeledi.

Kwanza yalihitajika matofali. Tanuri la kwanza, lenye matofali kama 25,000, liliharibika kwa kuwa halikupangwa wala kuchomwa sawasawa. La pili likaharibika pia. La tatu likaporomoka usiku, kazi ikiwa karibu kwisha. Fedha nazo zilikuwa zimekwisha. Bwana Washington akaweka rehani saa yake kwa dola 15, na tanuri la nne likafaulu. Kufikia mwaka 1901 chuo kilikuwa na majengo 40, na yote isipokuwa manne yalikuwa karibu kazi tupu ya wanafunzi.

Hapa pana funzo. Nguvu hazikupungua katika matanuri yale matatu. Kilichopungua ni maarifa. Mwashi hodari aweza kusimamisha ukuta ulionyooka, lakini jengo zima lataka mtu wa kusoma ramani, kukadiria matofali na gharama, na kupanga nani atangulie na nani afuate. Huo ndio usimamizi wa ujenzi, nao hauwezekani bila hesabu.

Mwaka 1892 alifika mwalimu mwenye maarifa hayo, Robert R. Taylor. Baba yake alikuwa seremala na mjenzi, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha MIT. Alichora ramani ya kanisa la chuo, ambalo wanafunzi walilijenga kati ya 1896 na 1898 kwa matofali waliyoyafyatua wenyewe.

Si wote waliomsifu Bwana Washington. Mwaka 1903 mwanachuoni W. E. B. Du Bois alimlaumu kwa kusisitiza mno kazi za mikono, huku elimu ya juu na haki ya kupiga kura zikiachwa nyuma. Lawama hiyo ina uzito. Lakini Taylor hakuchagua kimoja na kutupa kingine: alikuwa na ufundi wa baba yake, na elimu ya juu pia.

Kanisa lile liliungua mwaka 1957, na jingine likamalizika mwaka 1969. Taylor alifariki mwaka 1942, lakini jina lake limebaki: kitivo cha Tuskegee kinachofundisha usanifu wa majengo na usimamizi wa ujenzi, hadi kutoa shahada, chaitwa kwa jina lake.

Basi, wazazi wetu, mtoto akisema ataka kuwa mjenzi, msimwulize ameshindwa somo gani. Mwulizeni hesabu zake zikoje.