SOMO LA KIKUNDI: HEDHI NA KAMBA YA KUANIKIA NGUO



Katika mikutano yetu tumezoea kuongea juu ya kuku, mbuzi wa maziwa, choo cha shimo na pesa za kuzungushana. Lakini tukigusa habari ya hedhi, akina mama hutazama chini, vijana hucheka, na wazee hukumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa. Leo tunaomba wazee wakae. Ng'ombe watangoja.

Kwanza tujue ni kitu gani. Kila mwezi tumbo la uzazi la msichana aliyevunja ungo hujitengenezea utando laini wenye damu, kama kitanda cha kumpokea mtoto. Mimba isipoingia, utando huo hubomoka na kutoka kwa siku 3 hadi 7. Damu yenyewe si nyingi kama watu wanavyodhani. Kwa wengi ni kama vijiko vya chai 6 hadi 8 kwa siku zote hizo. Si uchafu, si ugonjwa, na si laana. Kila mmoja wetu alitandikiwa kitanda hicho hicho.

Sasa ile miiko. Kuna mahali wanasema eti mwanamke aliye mwezini akichuma mboga zitakauka, au akikamua ng'ombe maziwa yatapungua. Sasa jamani, ni nani anayelima na kupalilia mashamba yetu mwaka mzima? Kama ingekuwa kweli, tungekuwa tumekula nini miaka hii yote? Wengine hukaa nyuma kanisani siku hizo, au hawaendi kabisa. Kanisa Katoliki halina sheria ya kumzuia mwanamke aliye mwezini kupokea Komunyo. Someni Marko sura ya 5, habari za yule mama aliyetokwa damu miaka 12, mwone Yesu alimwitaje mbele ya watu.

Aibu hii si jambo la kuchekea. Mwezi wa Septemba 2019, katika Kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alipata hedhi akiwa darasani. Hakuwa na sodo, na sare yake ikaingia doa. Kwa maelezo ya mama yake, mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje. Siku hiyohiyo mtoto alijitoa uhai. Na tayari tangu 2017 kulikuwa na sheria inayoitaka serikali kuwapa wasichana wa shule za umma sodo za bure. Sheria ni nzuri, nasi tuidai, maana sodo hizo mara nyingi huchelewa au hazitoshi. Lakini neno "mchafu" halikutoka serikalini. Limetoka vinywani mwetu, nyumbani na njiani, mpaka likafika darasani.

Wala si watoto peke yao. Februari 2023 Gloria Orwoba, wakati huo akiwa seneta, alitakiwa kutoka katika kikao cha Seneti kwa sababu ya doa kwenye suruali yake nyeupe. Kama seneta anatolewa nje, binti wa darasa la saba atasimama wapi?

Tuangalie nyumbani. Wasichana wengi hutumia vitambaa, na kitambaa si kitu kibaya. Ubaya ni pale tunapokificha. Binti anafua usiku, anaanika chini ya godoro au nyuma ya kabati ili kaka zake wasione. Kitambaa hakikauki. Kesho anakivaa kikiwa na unyevu, kisha anaanza kuwashwa, ngozi inachubuka, kinanuka, naye anaona ni kweli yeye ni mchafu. Kumbe kilichokosekana ni jua tu, na jua tunalo bure.

Kikundi chenye cherehani kinaweza kushona sodo za kufua. Tafuta kitambaa safi cha pamba, hata shuka kuukuu, na ndani uweke tabaka mbili au tatu za taulo. Urefu uwe kama sentimita 25. Acha masikio mawili pembeni yenye kishikizo, yashike chupi isiteleze. Msishone nailoni ndani, huleta joto na jasho. Binti mmoja anahitaji tano au sita. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6. Aloweke kwa maji baridi, maana maji moto hushikisha doa, afue kwa sabuni, asuuze, aanike juani mpaka ikauke kabisa. Juani tunamaanisha kwenye kamba, pamoja na shati la baba.

Hapo ndipo wazee wanaingia. Baba anayetaja dawa ya kupe dukani bila haya anaweza pia kutaja sodo. Na akiona vitambaa kambani asiulize, wala asiwaache wavulana wakacheka.

Mkutano ujao, akina mama na akina baba wakae makundi mawili kwanza, halafu waungane. Mwulizane: binti zetu wanaanika wapi? Nani aliwafundisha kuficha? Katika shule yetu, ni mwalimu gani anayetunza sodo, mtoto anaziombaje bila kusimama mbele ya darasa, na zikiisha mwalimu anamwambia nani? Katibu aandike majibu, na watu wawili wachaguliwe kwenda kumwona mwalimu mkuu kabla shule hazijafungwa.