Somo Letu: Kusoma Bizimu la Polisi wa Ujerumani



Katika darasa la kisomo ulijifunza kusoma ubao, kitabu na gazeti. Leo tutajifunza kusoma chuma. Tutasoma bizimu, yaani kile chuma cha mbele ambacho hufungia mkanda kiunoni. Na bizimu tulilolichagua ni la polisi wa Ujerumani wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, vita vilivyoanza mwaka 1939 na kumalizika mwaka 1945.

Huenda utauliza, "Sisi wakulima, mabizimu ya Wajerumani yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Wapo wajanja wanaopita vijijini na vyuma vya kale mfukoni. Husema, "Hii ni mali ya Mjerumani, ilifukiwa chini ya mbuyu, toa pesa." Asiyejua kusoma chuma huuza mbuzi wake akanunua maneno matupu. Tena katika bizimu hili limo jambo zito kuliko pesa. Tutalifikia.

Kila tunapotaka kujua asili ya kitu kama hiki, tuulize maswali matatu. Kilivaliwa na kikosi gani? Kilitengenezwa na nani? Kilitengenezwa lini? Majibu tutayatafuta kwenye chuma chenyewe, siyo mdomoni mwa muuzaji.

KWANZA: TUTAZAME MBELE

Mabizimu mengi ya Kijerumani yana maneno matatu: GOTT MIT UNS. Maana yake ni "Mungu yu pamoja nasi." Mtu mwenye haraka akiyaona maneno haya husema, "Basi, nimelijua." Kumbe bado. Askari wa Prussia, ufalme uliokuwa mkubwa kuliko mwingine wowote wa Ujerumani, walianza kuyavaa mwaka 1847. Kwa hiyo maneno peke yake hayatoshi. Lazima tuyasome pamoja na picha.

Ukiona taji la mfalme pamoja na maneno hayo, hilo ni bizimu la askari wa Prussia, la wakati wa wafalme. Utawala wa wafalme huko Ujerumani ulikwisha mwaka 1918.

Ukiona ndege tai ameshika swastika kwa makucha, pamoja na maneno hayo, hilo ni la jeshi la nchi kavu la Hitler. Swastika ni ule msalaba ambao kila ncha yake imepindwa kama kiwiko cha mkono.

Ukiona swastika katikati bila tai, na maneno yale yale, na majani ya mti wa mwaloni, basi hilo ndilo bizimu la polisi.

Ukiona maneno mengine, MEINE EHRE HEISST TREUE, yaani "Heshima yangu ni uaminifu," hilo ni la kikosi cha SS, kikosi cha chama cha Hitler.

Na ukiona tai pamoja na maneno EINIGKEIT RECHT FREIHEIT, yaani "Umoja, Haki, Uhuru," hilo siyo la wakati wa vita kabisa. Ni la jeshi la Ujerumani ya Magharibi, lililoundwa mwaka 1955.

Hapa tuangalie sana. Swastika ni alama ya zamani mno, na Wahindu huitumia kama alama ya heri. Ukiiona kwenye hekalu lao mjini, usidhani ni ya Hitler. Yeye aliichukua tu.

Sasa hebu tufikiri pamoja. Utawala wa Wajerumani katika nchi yetu ulivunjwa katika vita vya 1914 mpaka 1918. Hitler alishika madaraka kule Ujerumani mwaka 1933. Je, mtu akikuletea bizimu lenye swastika akasema lilivaliwa na askari wa Mjerumani wakati wa Maji Maji, mwaka 1905, utamjibu nini? Utamjibu kuwa hesabu inakataa. Hapo umeokoa mbuzi wako kwa kujua miaka tu.

PILI: TUGEUZE NYUMA

Mbele panasema nani alivaa. Nyuma ndiko mara nyingi tunaona nani alitengeneza. Viwanda viligonga jina lao au herufi za kifupi kwenye chuma. Mabizimu mengine yana kipande cha ngozi nyuma, na juu ya ngozi hiyo hugongwa jina la kiwanda na mwaka.

Jina moja la mji hutokea sana, nalo ni Lüdenscheid, mji wa magharibi ya Ujerumani uliojulikana kwa viwanda vya vifungo na mabizimu. Kiwanda cha Assmann kilikuwa huko. Lakini tusichanganye mambo. Kiwanda kimoja kiliweza kutengeneza mabizimu ya jeshi na ya polisi pia. Jina la kiwanda linatuambia chuma kilitoka wapi, halituambii kilikwenda kwa nani. Ni kama alama ya kiwanda kwenye jembe. Inakuambia jembe limetoka kiwanda gani, haikuambii limelima shamba la nani.

TATU: TUPIME CHUMA CHENYEWE

Mabizimu mengi ya polisi yalitengenezwa kwa aluminiamu, kama sufuria zetu. Chukua sumaku uisogeze. Aluminiamu hainaswi na sumaku, chuma cha pua hunaswa. Jaribio hili peke yake halimalizi kesi, ila ni shahidi mmojawapo.

Halafu tazama herufi. Mabizimu ya kweli yaligongwa kwa mashine yenye nguvu, kwa hiyo herufi zake ni kali na safi. Mengi ya bandia humiminwa katika kalibu. Herufi zake huwa butu, na pengine utaona vitundu vidogo kama vya uji uliotokota. Mwisho, angalia palipolika. Kitu kilichovaliwa kweli hulika sehemu zilizoinuka, zile zinazoguswa kila siku. Kikilika mashimoni huku miinuko ikiwa mipya, uwe na mashaka.

JAMBO ZITO

Hapo zamani kila jimbo la Ujerumani lilikuwa na polisi wake. Tarehe 17 Juni 1936, Hitler aliwaweka polisi wote chini ya mtu mmoja, Heinrich Himmler, ambaye alikuwa mkuu wa SS. Tangu hapo polisi wa nchi nzima wakawa na amri moja.

Vita vilipokuja, polisi hawakubaki kuongoza magari na kukamata wezi. Vikosi vyao vilipelekwa nchi zilizotekwa. Kikosi Namba 101 kilitoka mji wa Hamburg. Wengi wao walikuwa watu wazima wa kawaida, wafanyakazi wenye wake na watoto. Tarehe 13 Julai 1942 walifika kijiji cha Józefów, nchini Poland. Siku hiyo waliwapiga risasi Wayahudi wapatao 1,500, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kabla ya kuanza, mkubwa wao aliwaambia wazee kati yao kuwa asiyeweza kazi hiyo ajitoe. Waliojitoa pale pale walikuwa kama 12 tu, katika watu karibu 500.

Na sare ya polisi wa Ujerumani ilikuwa na bizimu lisemalo "Mungu yu pamoja nasi."

Ndiyo maana tunasema kusoma maneno tu hakutoshi. Mtu anaweza kujivika maneno mazuri kiunoni na mikono yake ikafanya mabaya. Tena tuwe wa haki. Bizimu moja haliwezi kutuambia nani alilivaa wala alifanya nini. Likikosa jina la mtu, tusilibandike jina. Linasema kikosi, kiwanda, na pengine mwaka. Tuishie pale linapoishia.

Huko Ujerumani sheria inakataza kuonyesha swastika hadharani, isipokuwa kwa shughuli kama elimu na historia. Nasi tumeisoma hapa kwa elimu, siyo kwa kuitukuza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maneno GOTT MIT UNS hayatoshi kutuambia bizimu ni la nani?

2. Bizimu lina jina la kiwanda cha Lüdenscheid. Tumejua nini, na nini hatujakijua?

3. Tafuta kitu cha zamani nyumbani kwako: sarafu, jembe au saa. Kigeuze nyuma. Kimeandikwa nini? Wasomee wenzako.

4. Watu 12 walijitoa, wengine wakabaki. Sisi tungekuwapo, tungefanya nini?