Kufundisha Mashine kwa Sababu Zake: Trekta Dogo lenye Kijiko na Mkono wa Kuchimbia

Mwalimu mwanafunzi apewapo mada inayohusu mashine, jambo la kwanza alifanyalo aghalabu ni kuchora picha kubwa ubaoni, kuizungushia mishale, na kuandika jina la kila sehemu. Wanafunzi hunakili, hukariri, na katika jaribio la mwisho wa juma hupata alama nzuri. Kisha siku moja trekta lenyewe hufika shuleni kuchimba mtaro wa bomba la maji au shimo la choo, na watoto wale wale waliopata alama nzuri huonekana wamesimama chini ya kijiko kilichoinuliwa, wakishangilia. Majina wanayajua. Kwamba chuma kile kinaweza kuwaangukia, hawajui, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha ni kitu gani kinachokishikilia huko juu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi somo la trekta dogo lenye kijiko cha mbele na mkono wa kuchimbia nyuma linavyoweza kufundishwa katika Darasa la Sita au la Saba kwa kufuata sababu. Tumechagua mashine hii kwa makusudi. Ni ndogo kiasi kwamba mtoto anaweza kuiona yote kwa mara moja, na kazi zake anazielewa kwa sababu ni zile zile za jembe, sururu, karai na toroli. Wakati huo huo inakusanya mambo mawili ambayo mtaala wa sayansi hauwezi kuyaepuka, yaani wenzo na msukumo wa vimiminiko. Mwalimu ambaye hajapata kuendesha trekta asiogope. Hatufundishi udereva.

Tuanze na uzito. Vifaa vinavyohitajika ni rula ya mbao, penseli ya kutumiwa kama egemeo, na vizibo vya soda. Rula iwekwe juu ya penseli, vizibo vipangwe upande mmoja kuwa "trekta", na vingine viongezwe upande wa pili kuwa "mzigo wa kijiko". Wanafunzi wataona wenyewe kwamba vizibo vichache vilivyo mbali na egemeo vinaweza kuinua vizibo vingi vilivyo karibu. Hapo ndipo mwalimu awaambie kwamba egemeo la trekta lenye mzigo mbele ni ekseli ya magurudumu ya mbele.

Darasa la Saba linaweza kwenda mbali zaidi kwa hesabu. Tuchukue mfano wa trekta lenye uzito wa kilo 900 pamoja na kijiko chake kikiwa kitupu, ambalo kitovu cha uzito wake kiko mita 0.7 nyuma ya ekseli ya mbele, na ambalo umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.5. Magurudumu ya nyuma hubeba 900 mara 0.7, kugawanya kwa 1.5, yaani kilo 420. Sasa kijiko chenye ujazo wa mita za ujazo 0.2 kijazwe udongo mkavu. Mita moja ya ujazo ya udongo wa namna hiyo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, kwa hiyo mzigo ni kilo 300. Ukiwa mita 1.5 mbele ya ekseli, unaondoa kilo 300 kutoka magurudumu ya nyuma, na zinabaki kilo 120 tu. Mwalimu aulize: mvua ikinyesha itakuwaje? Udongo wa mfinyanzi uliolowa hukaribia tani mbili kwa mita ya ujazo. Kijiko kile kile kitakuwa na kilo 400, na magurudumu ya nyuma yatabaki na kilo 20. Trekta zima karibu linasimama kwa magurudumu mawili.

Tunawashauri walimu wakae hapa kwa muda, wala wasikimbilie sehemu inayofuata. Matrekta mengi madogo yana breki katika magurudumu ya nyuma tu. Gurudumu lisilokanyaga ardhi kwa nguvu haliwezi kulisimamisha trekta, hata dereva akikanyaga pedali kwa miguu yote miwili. Mtoto akishaielewa hesabu hii, ataeleza mwenyewe kwa nini dereva mzuri haondoi mkono wa kuchimbia nyuma bila kuweka uzito mwingine mahali pake. Mkono ule, ingawa haufanyi kazi wakati kijiko kinapobeba, ndio unaoyakandamiza magurudumu ya nyuma. Ataeleza pia kwa nini kijiko chenye mzigo husafirishwa chini, kimo cha goti au pungufu. Mzigo ulioinuliwa hupandisha kitovu cha uzito, na ekseli ya mbele ya trekta imefungwa kwa pini katikati ili ichezecheze kufuata mabonde ya ardhi, kwa hiyo haitoi msaada mkubwa dhidi ya kupinduka upande. Shimo dogo chini ya gurudumu moja linatosha.

Kupinduka si jambo la kubuni. Nchini Uswidi, sheria ya mwaka 1959 ilitaka matrekta mapya yawe na fremu au kibanda cha kumkinga dereva, na vifo vya kupinduka vikapungua sana katika miaka iliyofuata. Upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti ndio fremu hiyo. Wanafunzi wengi hudhani ni wa kufungia turubai la kivuli. Dereva anapaswa kufunga mkanda upinde ukiwa umesimama, kwani mkanda humweka ndani ya nafasi inayolindwa. Katika matrekta ambayo upinde wake hukunjwa, ukiwa umekunjwa mkanda haufungwi. Na kwa kuwa kiti ni kimoja na nafasi inayolindwa ni moja, hakuna abiria. Mtoto anayening'inia kwenye ngao ya gurudumu yuko mahali pabaya kuliko pote katika trekta.

Sehemu ya pili ni msukumo wa oili. Mwalimu atafute mabomba mawili mapya ya sindano, moja jembamba na moja nene, bila sindano zenyewe, pamoja na kipande cha mrija wa dripu. Tunasisitiza neno "mapya": mabomba yaliyotumika hospitalini yasiingie darasani kwa hali yoyote. Mabomba yajazwe maji, yaunganishwe kwa mrija, na hewa yote itolewe. Bomba nene lifungwe wima, na juu ya mchi wake liwekwe jiwe. Mwanafunzi mdogo kuliko wote asukume mchi wa bomba jembamba. Jiwe litapanda polepole.

Wapime upana. Ikiwa bomba moja lina milimita 10 ndani na jingine milimita 20, eneo la pili ni mara nne ya la kwanza, na nguvu hali kadhalika. Ila mchi mnene utasafiri robo tu ya safari ya mchi mwembamba. Kanuni hii ilielezwa na Blaise Pascal wa Ufaransa katika karne ya 17. Katika trekta, mahali pa mkono wa mtoto pana pampu inayozungushwa na injini, mahali pa maji pana oili ya haidroliki, na mahali pa mrija wa dripu pana mipira iliyoimarishwa kwa nyaya za chuma. Msukumo wa oili hiyo katika trekta dogo hupita baa 100, ambapo hewa ya gurudumu la gari dogo ni baa 2 hivi.

Sasa lije swali ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha somo zima. Jiwe likiwa juu bado, mwalimu aulize: "Dereva amezima injini, ameshuka kwenda kunywa chai, kijiko kiko juu. Je, ni salama kupita chini yake?" Darasa karibu lote litajibu, "Ndiyo, Mwalimu, injini imezimwa." Mwalimu asibishane nao. Auchomoe mrija. Maji yataruka na jiwe litaanguka kishindo. Kinachoshikilia kijiko si injini. Ni oili iliyofungiwa ndani, na oili hiyo inashikiliwa na mpira unaozeeka kwa jua. Tumeona darasa lenye kelele likinyamaza kabisa wakati huo, na baada ya kimya hicho kila kanuni ilipokelewa kama jambo lililo wazi: kabla ya kushuka, kijiko na mkono wa kuchimbia huteremshwa hadi ardhini, breki ya kuegesha hufungwa, injini huzimwa, vipini husukumwa mbele na nyuma ili msukumo uliobaki utoke, na ufunguo huchukuliwa.

Mahali hapa pana hatari nyingine inayofichika. Mpira wenye tundu dogo kama la sindano hutoa uzi mwembamba wa oili usioonekana vizuri, wenye nguvu ya kupenya ngozi. Fundi anayetafuta uvujaji hupitisha kipande cha boksi, kamwe si kiganja. Aliyepenywa huona alama ndogo isiyouma sana, akapuuza. Naye anapaswa kufikishwa hospitalini saa ile ile, kwani oili iliyo ndani ya nyama huiharibu, na mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Walimu wengi wangeliacha jambo hili kwa kudhani ni la mafundi, lakini mtoto wa fundi ndiye anayetumwa kuziba mpira kwa kidole.

Kuhusu uchimbaji wenyewe tunasema machache. Dereva hugeuza kiti kuelekea nyuma, hukandamiza kijiko cha mbele ardhini, na huteremsha miguu miwili ya kuegemea ili uzito uondoke kwenye matairi. Kwa kuwa ile miguu ndiyo inayobeba trekta, hachimbi karibu nayo akaila ardhi iliyoishikilia. Vipini huendeshwa kutoka kitini tu. Udongo uliochimbwa humwagwa angalau sentimita 60 kutoka ukingo wa mtaro, kwa sababu uzito wake ungeuangusha ukuta. Mtaro unaofikia kimo cha kifua cha mtu mzima hauingiwi hadi kuta zake zishikizwe au zikatwe mteremko. Mita moja ya ujazo inayomwangukia mtu ni ile tani moja na nusu waliyoikokotoa darasani.

Wakati wa kuliangalia trekta likifanya kazi, mwalimu azungumze kwanza na dereva, kisha achore mstari wa chokaa mita 10 kutoka mashine. Mkono wa trekta dogo hufika kama mita 3 tu, lakini huzunguka kwa ghafla na kurusha mawe. Wanafunzi wasiivuke chokaa mpaka vyuma vyote vimelala chini na dereva ameuonyesha ufunguo mkononi. Tunapenda dereva huyo aulizwe maswali na watoto wenyewe. Mara nyingi ana maarifa kuliko kitabu, na heshima anayopewa siku hiyo humfanya awe mlinzi wao siku nyingine.

Yabaki matunzo. Hapa majina yanahitajika, na mwalimu atumie yale yanayotumiwa gereji: grisi, pini, bushi, rejeta, chujio. Kabla ya kuwasha, trekta likiwa mahali tambarare, kijiti cha kupimia oili ya injini huchomolewa, hufutwa, hurudishwa na kusomwa. Maji ya rejeta huangaliwa injini ikiwa baridi. Kifuniko kikifunguliwa kwa moto, mvuke huchoma uso. Pini za kijiko na za mkono hutiwa grisi kila siku ya kazi kwa bomba lake, mpaka grisi mpya itokeze pembeni ikisukuma vumbi la zamani. Wakati wa kiangazi chujio la hewa huziba upesi, na injini isiyopata hewa hutoa moshi mweusi na kula dizeli. Tangi hujazwa jioni, ili usiku hewa iliyomo isigeuke matone ya maji. Saa ya trekta huhesabu kazi kama kilomita za gari: matrekta mengi mapya hubadilishwa oili ya kwanza baada ya saa 50, kisha kwa vipindi vilivyoandikwa katika kitabu chake.

Kitabu hicho aghalabu ni cha lugha ya kigeni. Shule ikifundishia karibu na ushirika wenye trekta, wanafunzi wa Darasa la Saba, wakisaidiwa na mwalimu na fundi, waandike jedwali la matunzo kwa Kiswahili na libandikwe bandani. Ni zoezi la lugha, la hesabu na la sayansi kwa pamoja.

Anayetaka mfano wa historia anao Kongwa. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uligharimu takriban paundi milioni 36. Ukame na ardhi ngumu vilichangia kuushinda, lakini matrekta yaliyoletwa yakiwa yametumika, madereva waliofundishwa harakaharaka na upungufu wa vipuri vilifanya sehemu kubwa ya mitambo ilale ndani ya mwaka ule wa kwanza. Wanafunzi wa Dodoma wanaweza kuwauliza wazee.

Katika kupima somo, maswali ya "taja sehemu tano" yasizidi moja. Mengine yaulize sababu: Kwa nini trekta lililoondolewa mkono wa nyuma lisibebe udongo wenye maji? Kwa nini boksi na si kiganja? Kwa nini tusipite chini ya kijiko wakati dereva anakunywa chai? Mwanafunzi akijibu swali hilo la mwisho, "Kwa sababu mwalimu amekataza," asipewe alama wala asikemewe. Arudishiwe mabomba mawili, mrija na jiwe, na aombwe kulionyesha darasa tena.