Mbogo na Kundi Lake

Watoto wa Kapata, waliozaliwa karibu na mashimo ya shaba, wajua mbuzi na ng'ombe. Mbogo wamjua kwa jina tu. Lakini ukifuata mto Lualaba kwenda kaskazini, wafika nchi ya Upemba, iliyofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1939. Huko mbogo walikuwa wengi sana. Yafaa basi tumjue mnyama huyu, ambaye wengine humwita nyati, kwa kuwa watu husema ya kwamba ana ukali tu wala hana akili.

Kwanza tutazame kundi lenyewe. Msingi wake ni majike na watoto wao. Jike huchukua mimba karibu miezi kumi na mmoja, naye huzaa ndama mmoja. Ndama huyo siku zake za kwanza hawezi kwenda mbio pamoja na wakubwa. Hubaki nyuma, na mama yake hubaki naye. Simba ajua jambo hilo, naye huvizia papo hapo.

Je, nani aongozaye kundi? Wengi watajibu: dume kubwa. Sivyo. Mtaalamu Mholanzi, Herbert Prins, aliwachunguza mbogo wa Ziwa Manyara, katika Tanzania. Aliona ya kuwa alasiri, kundi likiwa limelala, jike mmoja husimama, hutazama upande fulani kwa kitambo, kisha hulala tena. Halafu mwingine hufanya vivyo hivyo, na mwingine tena. Jua likikaribia kuchwa kundi lote huondoka, nalo hushika njia ya upande ule ulioelekewa na macho ya majike. Madume yakitazama kwingine, hayafuatwi. Na majike wasipopatana, pengine kundi hugawanyika usiku ule. Mkutano wa namna hiyo, usio na kelele, wengi wetu twaweza kuuonea wivu!

Sasa tuje kwenye ulinzi. Ndama akikamatwa hulia kwa sauti kuu. Wakubwa waliokuwa wakikimbia husimama, hugeuka, husogea pamoja, vichwa juu, pembe mbele. Mwaka 2004, katika hifadhi ya Kruger, Afrika ya Kusini, watalii walipiga sinema ya jambo hilo kwa macho yao. Simba walimrukia ndama, naye akaanguka majini pamoja nao, mamba akamshika, simba wakamvuta mpaka wakamtoa ukingoni. Kila mtu angesema amekwisha kufa. Lakini kundi lililokimbia lilirudi, tena kubwa kuliko kwanza, likawazunguka simba. Mbogo mmoja alimrusha simba juu kwa pembe zake. Ndama akasimama, akaingia katikati ya wenzake, akaenda zake.

Dume aliyezeeka hukosa ulinzi huo. Huliacha kundi, akaishi peke yake au na wazee wenzake wawili watatu. Simba humwinda sana huyo, naye kwa kuwa hana wa kumkinga, hushambulia upesi. Watu wa vijijini humwogopa kwa haki, hasa akiwa na jeraha la risasi na kujificha kichakani, maana dume mzima aweza kufikia kilo 700.

Kuna adui wasiyeweza kumkabili kwa pembe. Miaka ya 1890 sotoka, maradhi ya ng'ombe, iliua mbogo wasiohesabika katika Afrika ya Mashariki. Ng'ombe walipochanjwa, mbogo wa Serengeti waliongezeka tena kwa maelfu, na mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa sotoka imekwisha duniani kote.

Adui wa Upemba ni mwingine. Tangu vita vya mwaka 1996 bunduki zimekuwa nyingi, na nyama ya pori hupata wanunuzi. Mbogo wamepungua mno. Tena ile desturi iliyowaokoa mbele ya simba huwaponza mbele ya mtu: wakigeuka na kusimama pamoja, mwenye bunduki hapati shida ya kulenga. Na waya wa mtego ni vivyo hivyo. Ndama aliyenaswa hulia kama aliyeshikwa na simba, na wakubwa waweza kurudi na kumzunguka. Lakini pembe hazikati waya.