Sherehe ya Chuo Isiyoacha Taka: Somo kutoka Shamba la Mfipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umejengwa katika kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya nyasi zaidi kuliko ya miti. Hali hiyo ndiyo iliyowafundisha wakulima wake elimu ambayo leo yaweza kuzifaa shule na vyuo vya mkoa wa Rukwa. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Zambia, Wabemba walikuwa na desturi ya kukata matawi ya miti, kuyarundika na kuyachoma, kisha kupanda ulezi katika majivu. Mfipa hakuwa na miti ya kutosha kwa kazi hiyo. Badala ya kuchoma, alifukia.

Mvua zinapokuwa bado zinanyesha na nyasi zikiwa mbichi, mkulima hulima kwa jembe mapande ya udongo pamoja na nyasi zake, akayapindua na kuyarundika kuwa vichuguu vya mviringo, nyasi zikiwa ndani na udongo ukiwa nje. Vichuguu hivyo huitwa ntumba. Mara nyingine maharage hupandwa juu yake, na mizizi yake, kwa msaada wa bakteria wanaoishi humo, hunasa naitrojeni ya hewani. Msimu wa mvua unaofuata vichuguu husambazwa shambani na ulezi au mahindi hupandwa. Kilichoonekana kuwa magugu kimekuwa chakula cha mmea, wala hakuna kilichotupwa.

Yafaa sasa kutazama siku ya mahafali chuoni. Wageni wakiisha kuondoka, uwanjani hubaki chupa za maji, sahani za kutupa, ugali na wali uliomwagwa, maganda ya ndizi na mifupa. Kwa kawaida vyote hukusanywa katika shimo moja nyuma ya jiko na kutiwa moto. Hapo hutendeka makosa mawili kwa pamoja. Chakula chenye maji hakiungui vizuri bali hufuka moshi. Na plastiki inayoungua katika moto hafifu hutoa masizi na gesi zenye sumu, hasa zile aina zenye klorini. Kinachobaki shimoni bila kuungua huoza pasipo hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa muda wa miaka 100 hulipasha joto angahewa mara 28 hivi kuliko uzito uo huo wa gesi ya kaboni dioksidi.

Kuna jambo jingine linalouhusu uwanda wa Ufipa hasa. Maji yake huteremka pande mbili: magharibi kwenda Ziwa Tanganyika, na mashariki kwenda Ziwa Rukwa. Ziwa Rukwa halina mto wa kutokea. Maji huondoka humo kwa kugeuka mvuke, lakini plastiki haigeuki mvuke. Kipande kinachochukuliwa na mvua kutoka kilimani na kufika huko hakina njia ya kwenda mbele zaidi.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Marufuku hiyo haikuzigusa chupa za maji, nazo ndizo zinazojaza mapipa siku ya sherehe. Chukulia hafla ya watu 600, kila mmoja akipewa chupa moja ya nusu lita. Ikiwa chupa tupu ina uzito wa gramu 15, plastiki yote ni kilo 9 tu. Lakini nafasi inayojazwa na chupa hizo zisipopondwa ni zaidi ya lita 300. Kamati inayopima taka kwa mizani peke yake itajidanganya. Maji yayo hayo ni ndoo 15 za lita 20. Yanaweza kuchemshwa siku moja kabla, yakapozwa katika mapipa safi yenye mfuniko na bomba, na kunywewa kwa vikombe vinavyooshwa. Soda nazo ziagizwe katika chupa za kioo zinazorudishwa na kreti zake.

Kuhusu kuchemsha, mwanafunzi wa fizikia atauliza swali la haki. Kiwango cha kuchemka hupungua nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300 za kimo, kwa hiyo Sumbawanga maji huchemka katika nyuzi 94 za sentigredi, si 100. Je, vijidudu vitakufa? Vitakufa, mradi maji yaachwe yabubujike kwa dakika chache. Lakini maharage yatachelewa kuiva, na kuni zitateketea zaidi kuliko katika jiko la pwani. Basi yalowekwe tangu usiku na sufuria ifunikwe. Kuni zilizookolewa nazo ni sehemu ya hesabu, ingawa mara nyingi husahauliwa kwa kuwa moshi hauzolewi kwa fagio.

Njia ya hakika ya kupunguza mabaki ya chakula ni kutopika kupita kiasi. Idadi ya wageni ithibitishwe mapema, na mpakuaji aanze na kiasi kidogo huku akiruhusu kurudia. Wapo watakaosema kwamba mgeni hapimiwi chakula. Hoja hiyo ina uzito katika nchi ya wakarimu, na jibu lake ni kwamba anayerudia mara mbili hakupimiwa.

Mabaki yasiyoepukika yapelekwe kwenye biwi la mboji. Bakteria wanaoozesha huhitaji kaboni kwa ajili ya nguvu na naitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao, na hufanya kazi vizuri panapokuwa na sehemu 30 hivi za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Mabaki ya mboga na maharage huwa na uwiano wa 20 kwa 1, na mabua makavu ya mahindi 60 kwa 1. Vitu vyote viwili, vikiwa vikavu, vina kaboni karibu sawa. Ukichukua mabaki yenye kilo 40 za kaboni, yana kilo 2 za naitrojeni; mabua yenye kilo 40 za kaboni yana thuluthi mbili za kilo. Jumla ni 80 kwa 2.67, yaani 30 kwa 1. Kwa hiyo uzito mkavu uwe nusu kwa nusu. Kilo 100 za mabaki mabichi, ambazo kilo 70 ni maji, huhitaji kilo 30 za mabua yaliyokatwakatwa. Mchanganyiko wote utakuwa na maji karibu asilimia 54, kiasi kile kile ambacho biwi hukitaka.

Ukubwa wa biwi nao una maana yake. Mchemraba wa mita 1 una eneo la nje la mita 6 za mraba kwa mita 1 ya ujazo. Ule wa nusu mita una mara mbili ya hapo, yaani 12 kwa 1, hivyo hupoteza joto upesi, hasa katika baridi ya Ufipa ya Juni na Julai. Biwi kubwa lililopinduliwa vizuri hufikia nyuzi 55 hadi 65, joto linaloua vijidudu vya maradhi na mbegu nyingi za magugu. Ntumba hailifikii joto hilo, kwa kuwa ni ndogo na imechanganyika na udongo mwingi. Humo kuvu na viumbe wengine wadogo hufanya kazi polepole. Kwa sababu hiyo mabaki ya nyama yasifukiwe katika ntumba, bali yawekwe katikati ya biwi lenye moto na kufunikwa kwa mabua na udongo, mbwa wasije wakafukua. Pasipo kipimajoto kirefu, wanafunzi wachomeke nondo hadi katikati ya biwi na kuichomoa baada ya dakika 10. Ikiwa mkono hauwezi kuishika, kazi inaendelea. Ikiwa ni baridi na harufu ni mbaya, hewa imekosekana, na biwi lipinduliwe.

Kalenda ya shule haina budi kufikiriwa pia. Mahafali ya kidato cha 4 hufanyika wakati wa kiangazi, majani mabichi yakiwa haba, na biwi litahitaji kumwagiwa maji. Mboji yake haitakuwa tayari kwa upandaji wa Novemba. Ile ya sherehe za kidato cha 6, mvua zikielekea kwisha, itakuwa imeiva kabla ya mbegu kutiwa ardhini.

Majivu ya jikoni yana potasiamu na hupunguza ukali wa asidi katika udongo uliochujwa na mvua nyingi, lakini yakichanganywa na samadi mbichi huifukuza naitrojeni ipotee kama gesi ya amonia. Yawekwe kando, makavu, na yatawanywe shambani wiki kadhaa kabla ya kupanda.